Hasira ya Mzazi na Usalama wa Mtoto Mtandaoni

Mitandao ya kijamii, yaani programu na tovuti ambazo watumiaji wake ndio wanaotunga, kupokea na kusambaza maudhui, inatofautiana na redio na televisheni kwa jambo moja ambalo wazazi wengi hawalipi uzito unaostahili: mtoto aliye mbele ya televisheni hutazama tu, ilhali mtoto aliye kwenye mtandao wa kijamii hutazamwa pia, huandikiwa, huombwa vitu na hujibu. Kwa sababu hiyo, swali ambalo kwa muda mrefu limetawala mazungumzo ya malezi, yaani mtoto ataona nini, halitoshi tena. Swali la pili, mtoto atawasiliana na nani, ni zito zaidi, na la tatu, ambalo huulizwa kwa nadra, ni mtoto atamweleza nani siku mambo yatakapomharibikia. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo la tatu ndilo linaloamua mengi, maana karibu kila kizuizi cha simu huweza kukwepwa na mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye rafiki mjanja, lakini mlaghai hukosa nguvu pale mtoto anapokuwa na mtu mzima wa kumwambia yaliyomkuta bila kuogopa kipigo wala matusi.

Kabla ya kufika huko, inafaa kulielewa suala la umri, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapoanzia. Umri wa miaka 13, ambao TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat na WhatsApp huutaja kuwa wa chini kabisa wa kufungua akaunti, huchukuliwa na wengi kana kwamba uliwekwa na wataalamu wa makuzi baada ya kupima ni lini akili ya mtoto huweza kuhimili mambo ya mtandaoni. Chanzo chake ni cha kisheria na kibiashara. Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni, ikaanza kutumika mwaka 2000, na sheria hiyo huzitaka kampuni zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa binafsi za mtoto aliye chini ya miaka 13. Kampuni nyingi ziliona ni nafuu kuwakataza watoto hao katika masharti yao kuliko kuhangaika na idhini za wazazi, na masharti hayo yakasafiri pamoja na programu zenyewe hadi Kariakoo na Kisumu. Umri huo, basi, hausemi lolote kuhusu ukomavu wa mtoto fulani, na mzazi anayeona mwanawe wa miaka 14 bado hajawa tayari hana sababu ya kudhani kwamba anapingana na sayansi. Australia, kwa mfano, ilipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2024, iliyoanza kutekelezwa Desemba 2025, inayozilazimisha kampuni za mitandao mikubwa kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kumiliki akaunti, na mzigo wa kuhakikisha hilo ukawekwa juu ya kampuni. Mzazi wa Mwanza au Mombasa bado anaubeba mzigo huo mwenyewe kwa sehemu kubwa.

Jambo lenye madhara zaidi kuliko mjadala wa umri unaofaa ni tarehe ya kuzaliwa ya uongo. Mtoto wa miaka 11 anapotaka kufungua akaunti huandika kwamba alizaliwa mwaka ambao unamfanya aonekane ana miaka 19 au 25, na mara nyingine ni kaka, shangazi au mzazi mwenyewe anayemsaidia kuandika hivyo ili programu ikubali. Kinachosahaulika ni kwamba ulinzi mwingi ambao kampuni zimeutengeneza kwa ajili ya watoto huwashwa na tarehe hiyo. Katika TikTok, akaunti ya mtumiaji wa miaka 13 hadi 15 huwa ya faragha tangu inapofunguliwa, yaani video zake huonekana tu na watu aliowakubali, na mtumiaji aliye chini ya miaka 16 hapati ujumbe wa moja kwa moja kutoka kwa mtu yeyote. Kurusha matangazo mubashara ni kwa waliotimiza miaka 18. Instagram nayo ilianza mnamo Septemba 2024 kuwaweka vijana katika akaunti maalumu za faragha ambazo hupunguza watu wanaoweza kuwaandikia, na kwa walio chini ya miaka 16 ruhusa ya mzazi huhitajika ili kulegeza masharti hayo. Mtoto aliyejiongezea miaka hukosa vyote hivyo kwa mkupuo, na mfumo humchukulia kama mtu mzima, humpa maudhui ya watu wazima na kuwaachia watu wazima wasiomfahamu njia ya kumfikia. Kwa hiyo mzazi ambaye amekwisha kuamua kumruhusu mwanawe anapaswa kuanzia hapo: kufungua akaunti akiwa pamoja naye, kuandika tarehe ya kweli, na ikiwa akaunti ilifunguliwa zamani kwa tarehe ya uongo, kuifuta na kuanza upya, hata kama mtoto atalalamika kwamba atapoteza wafuasi wake mia tatu.

Ushauri mwingi unaosambazwa kuhusu jambo hili umetungwa kwa familia ambamo kila mtoto ana simu yake na kila simu ina mmiliki mmoja. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki haziko hivyo. Mtoto wa miaka sita hutumia simu ya mama jioni, ya baba siku ya Jumapili, na ya dada wa kazi mchana wakati wazazi wapo kazini. Wa darasa la saba huazima simu ya kaka yake kwa kisingizio cha kutafuta majibu ya hesabu. Wa sekondari ya bweni hukaa miezi bila simu yoyote, kisha hurudi nyumbani Juni au Desemba akiwa na njaa ya mtandao iliyolimbikizwa muhula mzima. Mzazi anayetaka kuanza vizuri hana budi kwanza kuzihesabu simu zote ambazo mtoto huzishika, si zile tu zilizonunuliwa kwa ajili yake. Simu ya dada wa kazi ndiyo husahaulika kuliko zote, wakati ndiyo inayomlea mtoto mdogo saa nyingi kuliko nyingine, na kuzungumza naye kwa heshima kuhusu kile ambacho mtoto anaruhusiwa kutazama, pamoja na kumwekea bando kidogo na programu ya YouTube Kids ambayo maudhui yake yamechujwa kwa ajili ya watoto, huleta matokeo mazuri kuliko amri inayotolewa mlangoni mtu akikimbilia daladala.

Simu inayotumiwa na watu wazima na watoto kwa pamoja ina hatari zake. Picha na video zinazotumwa katika makundi ya WhatsApp ya watu wazima, yakiwamo makundi ya ukoo na ya wafanyakazi wenzake mzazi, hujipakua zenyewe na kuingia kwenye hifadhi ya picha ambamo mtoto hutafuta picha zake za siku ya kuzaliwa. Mpangilio wa kuzuia upakuaji huo umo ndani ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, nao huzimwa kwa dakika moja. Namba ya siri ya huduma za fedha za simu haifai kufanana na ile ya kufungulia simu, wala haifai kutajwa mbele ya mtoto, kwa kuwa matapeli wa ujumbe wa kuomba pesa itumwe kwenye namba fulani hawachagui umri wa anayepokea. Baadhi ya simu za Android huruhusu kutengeneza sehemu ya pili ya mtumiaji, yenye programu chache na isiyogusa ujumbe wa mwenye simu. Mtoto anapofikia kumiliki simu yake, programu ya Family Link, inayotolewa bure na Google, humwezesha mzazi kuidhinisha kila programu kabla haijapakuliwa, kuweka saa ya simu kujifunga usiku na kuona mtoto ametumia muda gani kwenye kila programu. Ni chombo kizuri, lakini ijulikane mapema kwamba hakionyeshi mazungumzo yaliyomo ndani ya WhatsApp au TikTok, na mzazi anayekiweka kisha akalala usingizi amelinda mlango na kuacha dirisha wazi.

WhatsApp inastahili kutajwa peke yake kwa sababu watu wengi hawaihesabu kama mtandao wa kijamii. Huonekana kuwa simu tu ya kuandika, chombo cha kuwasiliana na bibi aliye kijijini, na hivyo mtoto huruhusiwa kuitumia miaka mingi kabla ya kuruhusiwa TikTok. Lakini akaunti yake ni namba ya simu, na kila aliye katika kundi moja na mtoto, liwe la darasa, la kwaya, la madrasa au la timu ya mtaani, huiona namba hiyo, huweza kuihifadhi na kumwandikia mtoto pembeni bila mwenye kundi kujua. Kundi la wanafunzi thelathini ambalo kila mmoja aliruhusiwa kumuongeza mwenzake huweza kufikia watu mia na hamsini kwa wiki moja, wakiwamo watu wazima ambao hakuna mwanafunzi anayejua waliingiaje. Hatua ya kwanza, basi, ni kuingia kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya makundi, na kuchagua kwamba wanaoweza kumuongeza mtoto ni wale tu waliohifadhiwa kwenye orodha yake ya namba. Ya pili ni kuficha picha ya wasifu na muda aliokuwepo mtandaoni kwa watu wasio kwenye orodha hiyo. Na ya tatu, ambayo haihitaji ufundi wowote, ni kukaa naye mara moja kwa mwezi na kupitia orodha ya makundi, akieleza kila kundi ni la nini, nani kiongozi wake na lina watu wangapi asiowajua. Mengi atayaacha mwenyewe kwa hiari yake, kwani watoto nao huchoshwa na makundi.

Sehemu ngumu zaidi ya somo hili ni kurubuni, neno ambalo hapa lina maana ya mchakato ambao mtu hujenga uhusiano na mtoto kwa subira ili baadaye amtumie kingono au kifedha. Mchakato huo hauanzi kwa vitisho. Huanza kwa sifa chini ya video, kwa zawadi ndogo kama vocha au bando, kwa kumsikiliza mtoto akilalamikia nyumbani, kisha huhamia kwenye mazungumzo ya faragha, mara nyingi kwa ombi la kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine, na baada ya hapo huja ombi la siri, dogo kwanza, ambalo likikubaliwa hufungua milango ya maombi makubwa. Wazazi wengi humfikiria mrubuni kama mgeni wa mbali mwenye jina la kigeni. Utafiti uliofanywa kwa pamoja na ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi kadhaa, ambao matokeo yake kwa Kenya yalitolewa mwaka 2021 na kwa Tanzania mwaka 2022, ulihusisha watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti na ukaonyesha kwamba mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto alikwisha kumfahamu, na kwamba watoto walioathirika walikuwa wachache mno waliofika polisi au kupiga simu ya msaada. Waliosema, waliwaambia zaidi marafiki na ndugu. Matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanabadilisha picha nzima. Onyo la kila siku la kutozungumza na watu usiowajua, ingawa ni la lazima, humwacha mtoto bila maandalizi yoyote dhidi ya mjomba wa kufikia, mwalimu wa masomo ya ziada, mpangaji wa chumba cha nje au kijana wa mtaani anayependwa na nyumba nzima, na ni watu hao ambao mtoto huona aibu zaidi kuwataja. Maelekezo yanayomfaa ni yale yanayohusu tendo kuliko mtu: yeyote anayetaka mazungumzo yafichwe wazazi, anayetaka picha ya mwili, anayetoa zawadi na kuomba isitajwe, atajwe, awe nani.

Kutoka kwenye kurubuni huzaliwa kosa ambalo limeenea kwa kasi katika miaka ya karibuni, la kutishia kusambaza picha za utupu ili mhusika atoe pesa au picha zaidi. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, limekuwa likionya kwamba katika aina ya kudai pesa waathirika wengi ni wavulana wa kati ya miaka 14 na 17, jambo linalowashangaza wazazi waliozoea kuwachunga mabinti pekee na kuwaachia wavulana simu hadi usiku wa manane. Siku hizi picha yenyewe si lazima mtoto awe ameipiga, kwa kuwa programu za akili unde, yaani za kompyuta zinazotunga picha na maneno kwa kuiga zilichofundishwa, huweza kutengeneza picha ya utupu kutokana na picha ya kawaida ya mtu aliyevaa sare ya shule. Mtishaji hufanya kazi kwa saa chache, huhesabu dakika mbele ya mtoto, humtumia orodha ya majina ya jamaa zake na kumwambia kwamba baba ataiona kwanza. Ukimsikiliza vizuri, utaona kwamba silaha anayoitegemea si picha. Ni hasira ya baba, machozi ya mama na kufukuzwa nyumbani ambako mtoto amekwisha kukusikia kukitajwa kwa mtoto wa jirani. Mzazi ambaye miaka yote amekuwa akitoa hukumu kali kwa sauti kuhusu binti fulani wa mtaani ambaye video yake ilivuja, bila kujua amekuwa akimfundisha mwanawe kwamba jambo kama hilo halisemeki nyumbani, na mtishaji anakuja kuvuna palipolimwa na mwingine.

Hivyo maandalizi ya maana zaidi hufanyika kabla ya tukio, katika maneno yanayosemwa juu ya watoto wa watu wengine. Baada ya hayo inafaa mzazi atamke wazi, zaidi ya mara moja na kwa nyakati tofauti za umri wa mtoto, kwamba akikosea mtandaoni, hata akiwa amevunja kanuni ya nyumbani ili afike huko, akisema hatapigwa, hatanyang'anywa simu kwa sababu ya kusema, wala habari zake hazitapelekwa kwa shangazi. Ahadi hiyo ni ngumu kuitimiza, na mtoto ataipima kwa mambo madogo kwanza: atasema kwamba amepoteza pesa ya bando kwenye mchezo, au kwamba kuna mtu amemtumia picha chafu, kisha atasubiri kuona kinachofuata. Mzazi anayelipuka hapo hatapata habari ya pili. Suala la kunyang'anya simu linahitaji uangalifu wa pekee, kwa maana wengi hulifanya kwa nia ya kulinda, lakini mtoto hulipokea kama adhabu ya aliyeumizwa, na wenzake wakiona hivyo nao hujifunza kunyamaza.

Tishio la kusambaza picha likitokea, utaratibu wa saa za mwanzo ni muhimu kuliko hotuba yoyote. Pesa isilipwe, hata kiasi kidogo, kwa sababu anayelipa mara moja hudaiwa tena; mazungumzo na mtishaji yasitishwe bila kumtukana wala kumtishia; na kabla ya kumzuia au kuifuta akaunti, ushahidi uhifadhiwe, yaani picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, namba ya simu, tarehe, maneno ya vitisho na namba aliyotaka itumiwe pesa. Picha yenyewe ya mtoto isitumwe kwa mtu yeyote, si kwa mwalimu, si kwa mjumbe wa mtaa, si kwenye kundi la ukoo ili wajionee, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inaifanya kusambaza picha za ngono za mtoto kuwa kosa la jinai, na kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ambayo imetaja waziwazi unyanyasaji wa mtoto kwa njia ya mtandao. Namba 116 hupigwa bila malipo Tanzania, Kenya na Uganda kwa ajili ya msaada kwa watoto. Nchini Tanzania taarifa hupelekwa pia kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri huweza kumsindikiza mtoto ili asihojiwe kaunta mbele ya watu. Kwa picha ambayo tayari ipo, huduma ya Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, hutengeneza kutoka kwenye simu ya mtoto alama ya kidijitali ya picha hiyo, bila picha kuondoka kwenye simu, na kampuni zilizojiunga nayo, zikiwamo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama kuitafuta na kuiondoa. Haifiki kwenye mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yale ambayo husomeka kwa mtumaji na mpokeaji tu kama ya WhatsApp, na ni vyema mtoto aelezwe hivyo kuliko kuahidiwa kwamba kila kitu kitafutika.

Uonevu wa mtandaoni, ambao ni kumdhalilisha mtu mara kwa mara kwa maneno, picha au kumtenga katika makundi, huhitaji maneno machache kwa sababu umefanana sana na ule wa uwanjani, isipokuwa kwamba hauishi kengele ikilia na humfuata mtoto hadi kitandani. Dalili zake ni za kawaida: mtoto hugeuza simu kifudifudi mzazi anapoingia, huacha ghafla kwenda mahali alipokuwa akipapenda, hulala vibaya. Huwa shida kubwa kwa mzazi kukubali kwamba mwanawe ndiye mwonevu, na shule nyingi hugonga mwamba hapo.

Kuna upande ambao wazazi hawapendi kuutazama, nao ni picha wanazozirusha wenyewe. Mtoto wa miaka saba huweza kuwa na picha mia kadhaa kwenye ukurasa wa mama yake, akiwa na sare yenye nembo ya shule, amesimama mbele ya basi lenye jina la shule, siku ya kuzaliwa kwake ikiwa imetajwa pamoja na umri na majina matatu. Mtu anayetaka kujifanya ametumwa na mzazi kumchukua mtoto getini hahitaji zaidi ya hayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambazo hudhibiti taasisi zinazokusanya taarifa za watoto, hivyo mzazi ana msingi wa kuitaka shule iombe idhini kabla ya kurusha picha za mahafali. Lakini hoja hiyo hukosa uzito anapoitoa mtu ambaye jana yake alirusha picha ya mwanawe akiwa kwenye beseni la kuogea.

Je, mzazi asome ujumbe wa mtoto? Majibu yanayotolewa huwa makali kwa pande zote mbili, na hakuna hata moja linalofaa kwa umri wote. Mtoto wa miaka tisa anayetumia simu ya mama hana sababu ya kutarajia faragha, na kuangaliwa kwake ni sehemu ya kufundishwa, kama anavyoshikwa mkono barabarani. Kijana wa miaka kumi na sita anayegundua kwamba baba yake huifungua simu yake usiku atafungua akaunti ya pili, ambayo vijana wengi tayari wanayo, na baba ataendelea kusoma ile ya kwanza akiamini amefahamu yote. Kati ya umri huo na huo, kinachokubalika ni uangalizi uliotangazwa: mtoto anajua kwamba mzazi anaweza kuitaka simu, anajua kwa sababu gani, na mzazi haangalii akiwa peke yake. Kanuni ambazo nyumba huweza kuzishikilia kwa muda mrefu ni chache, na mbili zina faida kuliko nyingine zote: simu zote, za wazazi zikiwamo, huchajiwa sebuleni usiku, na hakuna anayekutana ana kwa ana na mtu aliyemjua mtandaoni bila mtu mzima wa nyumbani kuwepo. Ile ya kwanza hufa ndani ya wiki moja katika nyumba ambayo baba hulala na yake chini ya mto.

Likizo inapokwisha na mwanafunzi wa bweni anaporudi shule, akaunti zake hubaki wazi kwenye simu alizoazima, na hilo ni jambo la kushughulikiwa kabla begi halijafungwa. Mtoto aondoke kwenye kila akaunti aliyoifungua kwenye simu ya kaka au ya rafiki, abadilishe neno la siri, na ndani ya WhatsApp aangalie sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ambayo huonyesha kila kompyuta au simu nyingine inayosoma ujumbe wake. Laini anayoitumia huwa imesajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi, kwani kitambulisho cha taifa hutolewa kwa waliotimiza miaka 18, na nchini Tanzania mzazi anaweza kupiga *106# ili kuona namba zote zilizo chini ya kitambulisho chake. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba yake huweza kupewa mtu mwingine, ambaye ataweza kupokea ujumbe wa kurejesha neno la siri la akaunti zilizounganishwa na namba hiyo. Kwa hiyo laini ya mtoto aliye shuleni iwekwe vocha kidogo na itumike mara kwa mara nyumbani, na akaunti zake ziunganishwe na baruapepe ambayo mzazi na mtoto wote wanaifahamu.